Jinsi ya Kuomba Cheti cha Vipimo cha Boti ya Mkuku ya Daraja la Kimataifa

Boti za mkuku mzito (uti mzito ulio chini ya boti) zinazoshindana kwa madaraja, yaani makundi ya boti zilizojengwa kwa kanuni zilezile, kama Star, Dragon, Soling, Etchells na J/24, hazifidiwi muda kwa tofauti za boti. Anayetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi. Haki hiyo inasimama kwa sababu boti zote za daraja moja zimepimwa, zikaonekana kufanana ndani ya mipaka iliyoandikwa, na kila moja ina karatasi ya kuthibitisha hilo. Karatasi yenyewe ni cheti cha vipimo. Asiye nacho anaweza kutweka matanga na kwenda anakotaka, ila mashindano ya daraja hatashiriki.

Naandika nikiwa upande wa wanaopokea maombi haya kwa niaba ya chama cha daraja. Maombi mengi yanayorudishwa hayana boti mbovu ndani yake. Yanarudishwa kwa sababu mwombaji alimwita mpimaji kabla hajakamilisha karatasi, au alibadilisha kitu kwenye boti kabla ya kusoma kanuni. Kwa hiyo anza na karatasi, boti itafuata.

Jua nani anatoa cheti

Shirika linalosimamia mchezo huu duniani, World Sailing, lilianzishwa 1907 na ndilo linaloidhinisha kanuni za madaraja ya kimataifa. Lakini usilipelekee maombi ya boti yako. Kanuni za daraja husema nani ni mamlaka ya uthibitishaji: kwa baadhi ya madaraja ni shirikisho la taifa la mchezo wa matanga, kwa mengine ni chama cha daraja chenyewe. Daraja la Star, ambalo boti zake zimekuwa zikishindana tangu 1911, limekuwa na chama chake cha kimataifa tangu 1922.

Pakua kanuni za daraja lako, toleo linalotumika sasa. Kanuni nyingi hupangwa kwa muundo mmoja, kwa hiyo ukizizoea za daraja moja umezizoea za mengi. Sehemu A inahusu utawala, na humo ndimo utakapokuta mamlaka ya uthibitishaji, ada na masharti ya cheti. B ni sifa za boti kuruhusiwa kushindana, C ni masharti ya siku ya mashindano, D ni bodi (mwili wa boti), E ni mkuku na usukani, F ni mlingoti na vyuma vyake, G ni matanga. Soma A na B zote kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Kuna jambo katika usomaji huo ambalo waombaji wapya hulipita haraka. Kanuni za boti za mfano mmoja kwa kawaida ni kanuni za kufunga, maana yake chochote ambacho hakikutajwa kuwa kinaruhusiwa kimekatazwa. Ukijiuliza, "Mbona hakuna mahali wamesema nisitoboe tundu hapa?" tayari umeshapata jibu, na jibu ni hapana.

Madaraja machache yako tofauti. Boti za Mita 6 na zile za Mita 5.5 hujengwa kwa fomula: urefu, eneo la tanga na vipimo vingine huingizwa katika hesabu, na matokeo ya hesabu hayatakiwi kuvuka kikomo. Huko boti mbili za daraja moja zinaweza kuwa na maumbo yasiyofanana na zote zikawa halali. Cheti chake kina kazi kubwa zaidi, kwa sababu ukigusa farumi (uzito wa kuituliza boti) au mstari wa maji umeigusa hesabu nzima. Kama boti yako ni ya aina hiyo, tafuta mpimaji aliyekwisha kupima boti za fomula.

Kusanya karatasi

Boti mpya na boti iliyotumika hupita njia mbili tofauti.

Boti mpya lazima itoke kwa mjenzi mwenye leseni. Ndani yake kunakuwa na kibati chenye namba, kinachoonyesha kuwa ada ya daraja kwa boti hiyo imelipwa, na mjenzi hutoa tamko lililosainiwa kwamba ameijenga kwa michoro na kanuni. Usikamilishe malipo ya boti kabla hujaiona namba ya kibati kwa macho yako na kuiona namba ileile kwenye tamko. Kuitafuta baadaye ni safari ndefu ya barua.

Kwa boti iliyotumika, omba cheti cha zamani pamoja na fomu ya vipimo, ambayo ndiyo yenye tarakimu zote. Linganisha namba iliyo kwenye bodi na iliyo kwenye cheti. Zikitofautiana, simama hapo, usilipe, usiombe. Cheti kikiwa kimepotea, mwandikie msajili wa daraja kabla ya kutafuta mpimaji, kwa kuwa kumbukumbu za vipimo vya awali mara nyingi zipo kwenye majalada ya daraja au ya shirikisho la taifa, na nakala yake inaweza kukuepusha kupima boti upya kuanzia omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Boti za J/24 pekee zimejengwa zaidi ya 5,000 tangu 1977, na boti kuukuu inayobadilisha nchi mara kwa mara hupoteza karatasi njiani. Msajili amezoea maswali ya namna hiyo, usione haya kuuliza.

Ongeza uthibitisho wa umiliki na risiti ya uanachama wako katika chama cha daraja. Madaraja mengi hayatoi cheti kwa mtu asiye mwanachama.

Namba ya tanga

Katika madaraja kama Star, J/24 na Etchells, boti huwa na namba yake tangu kujengwa na huibeba kokote iendako. Katika Dragon, namba hutolewa nchi kwa nchi, kwa hiyo boti ikihamia bendera nyingine inapata namba nyingine. Hakikisha umeijua namba yako kabla fundi matanga hajakata herufi.

Katika mashindano ya kimataifa tanga kuu hubeba pia herufi za taifa, kwa mfano KEN kwa Kenya na TAN kwa Tanzania. Ukubwa wa herufi na namba umewekwa na kanuni za mashindano kulingana na urefu wa boti: kuanzia mita 3.5 hadi 8.5, kimo kisipungue milimita 300. Kuanzia mita 8.5 hadi 11, milimita 375. Soling yenye mita 8.20 iko kundi la kwanza, Dragon yenye 8.90 iko la pili. Kanuni za daraja zikiweka sharti lake mahususi, fuata la daraja.

Siku ya kupimwa

Mpimaji rasmi anatambuliwa na shirikisho la taifa au na daraja. Haruhusiwi kupima boti aliyoibuni, aliyoijenga, anayoimiliki au ambayo ana maslahi nayo, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa hiyo rafiki yako aliyekusaidia kununua boti kwa ubia, hata awe mpimaji hodari kiasi gani, siye wa kumwomba.

Andaa boti siku kadhaa kabla. Itoe majini, ikauke. Toa kila kitu kisichohesabiwa katika uzito: kamba za ziada, vifaa vya fundi, maboya ya kuzuia mikwaruzo, chupa za maji, nanga kama kanuni zinasema isiwemo. Kausha ngama (maji yanayotuama chini ndani ya boti) kwa kitambaa, kisha fungua vifuniko vyote na uviache wazi usiku kucha. Maji yaliyojificha chini ya sakafu yana uzito, na mpimaji akiyakuta ataahirisha kazi.

Uzito hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza kwenye winchi. Chagua asubuhi isiyo na upepo, maana boti ikiyumba hewani namba za mizani hazitulii. Boti ikionekana nyepesi kuliko kiwango cha chini, haikataliwi. Hufungiwa vipande vya madini ya risasi vya kusawazisha, mahali palipotajwa na kanuni, na uzito wa vipande hivyo huandikwa kwenye cheti. Tangu hapo ni sehemu ya boti. Kuviondoa kimyakimya ni kuvunja kanuni.

Mkuku na usukani hupimwa kwa vigezo, yaani vibao vilivyokatwa kwa umbo rasmi, na kwa umbali kutoka alama iliyowekwa upande wa tezi. Hapa ndipo boti za zamani hunaswa. Miaka ya rangi juu ya rangi na lipu juu ya lipu huongeza unene, na mmiliki aliyedhani anautunza mkuku kumbe ameusogeza nje ya kipimo. Kama unapanga kusugua mkuku na kuulainisha, ongea na mpimaji kwanza.

Kwenye mlingoti na bumu (mti wa chini ya tanga kuu), angalia alama za mipaka, ile mikanda ya rangi inayoonekana wazi dhidi ya rangi ya mti wenyewe. Tanga halitakiwi kupandishwa au kuvutwa kupita ukingo wa mkanda. Mikanda iliyofifia ipake upya, lakini mbele ya mpimaji.

Upimaji wa matanga nitaueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndio wenye mabishano mengi. Tanga liwe kavu, limevuliwa kutoka mlingotini, limetandazwa juu ya sakafu bapa. Linavutwa kwa nguvu inayotosha tu kuondoa mikunjo inayokatiza mstari wa kipimo, basi. Kupata upana wa katikati, mpimaji huchukua pembe ya juu ya tanga na kuilaza juu ya pembe ya chini ya nyuma. Mkunjo unapoangukia kwenye ukingo wa nyuma ndiyo nusu yake. Anaweka alama ya penseli, analikunjua tanga, kisha anapima kutoka alama hiyo hadi sehemu ya karibu zaidi ya ukingo wa mbele. Mtu akivuta kidogo zaidi ya inavyotakiwa, milimita zinabadilika. Tanga likipita, mpimaji husaini na kuandika tarehe karibu na pembe. Mafundi matanga wengine wana idhini ya kuthibitisha kazi yao wenyewe karakanani. Tanga la namna hiyo huja na lebo yake, na hutahitaji kulipima tena kwa ajili ya cheti.

Mruhusu mpimaji afanye kazi yake. Shika mwisho wa utepe akikuomba, jibu akiuliza, usimtajie kipimo unachotamani kukisikia.

Fomu

Tarakimu zote ziwe kwa milimita na kilo. Panapotakiwa namba, iandikwe namba iliyopimwa. Neno "sawa" halitoshi, na kisanduku kitupu ni sababu ya kurudishiwa fomu. Palipokosewa pakatwe kwa mstari mmoja, namba sahihi iandikwe pembeni na mpimaji asaini hapo. Pitieni fomu pamoja mkiwa bado kando ya boti, kwa sababu kipimo kilichosahaulika ni rahisi kuchukuliwa utepe ukiwa bado mkononi.

Mpimaji akiwa na shaka juu ya kitu fulani, hatakiwi kukithibitisha. Ataandika shaka yake na kuipeleka kwa mamlaka ya uthibitishaji. Usimlaumu kwa hilo. Kama tatizo ni kanuni isiyoeleweka, chama cha daraja kinaweza kuomba tafsiri rasmi. Inachukua muda, ila jibu lake litawafaa wote wenye boti kama yako.

Tuma fomu halisi, nakala ya tamko la mjenzi au cheti cha zamani, uthibitisho wa umiliki na risiti ya ada. Baki na nakala ya kila ukurasa. Anza mapema katika msimu; maombi yanayofika wiki ya mashindano humweka msajili mahali pagumu, na mimi sioni haki kuwapitisha waliochelewa mbele ya waliowahi.

Ukiwa nacho mkononi

Kwa kanuni za mashindano, jukumu la kuhakikisha boti inabaki ndani ya vipimo ni la mmiliki na anayeiongoza. Kitu chochote kilichoandikwa kwenye cheti kikibadilika, cheti kinakufa. Mlingoti mpya, usukani mpya, ukarabati mkubwa wa bodi: mwite mpimaji akague sehemu iliyoguswa. Uchakavu wa kawaida au uharibifu ambao hauiongezei boti uwezo hautakugharimu mbio zilizokwisha, lakini hutashindana tena mpaka urekebishwe, isipokuwa waamuzi waone hapakuwa na nafasi ya kurekebisha.

Ukifika mashindanoni na cheti umekisahau, unaweza kusaini tamko kwamba kipo na ni halali, ukaruhusiwa kuanza. Kionyeshe kabla ya mwanzo wa siku ya mwisho ya mashindano. Usipofanya hivyo unaondolewa katika mbio zote, bila kusikilizwa. Na usiwaombe waandaaji "wakuangalizie" kanuni ya daraja isiyokukalia vizuri. Hawana mamlaka ya kuibadilisha isipokuwa kanuni zenyewe zinaruhusu au chama cha daraja kimetoa ruhusa ya maandishi na ikabandikwa kwenye ubao rasmi wa matangazo.

Ukiuza boti, mpe mnunuzi cheti halisi pamoja na nakala ya fomu ya vipimo, na umwandikie msajili siku hiyohiyo ukitaja namba ya bodi, namba ya kibati na jina la mmiliki mpya. Mnunuzi naye aombe usajili kwa jina lake kabla ya kuandikisha boti katika mashindano yake ya kwanza.