Matokeo ya jaribio la dawa: p isome mwisho

Wengi wetu tukifungua ripoti ya utafiti macho yanakimbilia p (namba ya takwimu, nitaieleza Hatua ya 4), ikiwa chini ya 0.05 dawa inafanya kazi, ikizidi basi haifai. Mi naanzia kwingine kabisa. Tuchukue jaribio la AQUAMAT la 2010: watoto 5,425 wenye malaria kali, nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zimo, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa ya artesuneti wengine kwinini.

Hatua ya 1: hesabu vifo. Artesuneti 230 kati ya 2,712 (8.5%), kwinini 297 kati ya 2,713 (10.9%).

Hatua ya 2: toa asilimia ya artesuneti kwenye ya kwinini. Ukibakiza desimali zote unapata kama 2.5, hiyo ndo tofauti yenyewe. Gawa 100 kwa 2.5: ukiwatibu watoto 40 hivi kwa artesuneti badala ya kwinini, unaokoa mmoja zaidi. Ripoti inasema pia vifo vilipungua kwa 22.5%, ni kweli, ila uliza asilimia 22.5 ya nini, maana ugonjwa unaoua mtu 1 tu kati ya 100 punguzo hilohilo linaokoa kama 2 kati ya 1,000 (wauza dawa hii hawakwambii).

Hatua ya 3: konfidensi intavali, yaani kuanzia wapi mpaka wapi tofauti halisi inaweza kuwa. Nimeipiga kwa kalkuleta kutoka kwenye vifo hivyohivyo, 95% inatoka 0.9 mpaka 4.0. Soma ncha zote mbili. Kwenye ncha mbaya unatibu watoto 110 hivi ndo uokoe mmoja, je bado ungebadili dawa? Mi ningebadili, tunaongelea vifo hapa, na WHO ilishapendekeza artesuneti kwa watoto 2011.

Hatua ya 4: sasa p, 0.0022. Maana yake kama dawa hizi zingekuwa sawa kabisa, pengo kubwa hivi au zaidi lingetokea kwa bahati tu kama mara 2 kati ya 1,000. Haisemi kuna uwezekano wa 0.2% kwamba dawa haifanyi kazi, hapo ndo watu wanachemka sana.

Jaribu hii: punguza utafiti uwe sehemu ya kumi, watoto 271 kila upande, vifo 23 na 30. Pengo ni karibu lilelile ila p inaruka mpaka 0.3 hivi, intavali inatoka -2.4 mpaka 7.6. Mtu ataandika "hakuna tofauti", wakati humo ndani kuna dawa inayookoa 7 kati ya 100 na kuna inayoua 2 zaidi. Wewe andika watoto walikuwa wachache, haijulikani bado.