Mji wa Kale wa Mombasa na watoto: panga siku kwa kivuli

Kila shule zikifungwa Disemba, jamaa za mume wangu hushuka Mombasa kutoka bara na watoto wao, na kazi ya kuwatembeza huwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa humo humo Mji wa Kale. Wao huja na orodha: ngome, misikiti, milango, soko, bahari. Mimi naitazama orodha kisha nauliza swali moja tu: kivuli kiko wapi, saa ngapi? Jua la kaskazi halina mswalie Mtume. Mtoto aliyepigwa na jua saa sita hata ukimwonyesha hazina ya sultani atalia ataka kurudi nyumbani. Basi siku yangu ina vipande viwili, asubuhi na alasiri, na katikati watu wanalala.

Kwanza siku yenyewe. Epuka Ijumaa, maana mchana maduka mengi hufungwa kwa swala na vichochoro karibu na misikiti hujaa. Ramadhani mikahawa mingi haipiki mchana, ingawa magharibi ikiingia utakula mpaka ushindwe kuinuka. Kama unaweza kuja Agosti, njoo Agosti: joto limepungua na upepo wa kusi unavuma. Likizo ya Aprili ina mvua ya masika.

Mavazi ni rahisi. Viatu visivyoteleza, kofia kwa watoto, maji. Wanawake, leso moja ya kujitanda mabegani yatosha. Wanaume, kaptura fupi zingojee pwani.

Asubuhi: Ngome ya Yesu (Fort Jesus)

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi. Uwe langoni saa hiyo. Tiketi hulipiwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo hakikisha usiku una bando na pesa kwenye M-Pesa, usije ukasimama mlangoni unamwomba shemeji akutumie. Ukichukua mtu wa kuwaongoza, patana naye bei kabla hajafungua mdomo.

Kabla ya kuingia, tafuta kwenye simu picha ya ngome iliyopigwa kutoka angani uwaonyeshe watoto. Ina kichwa, mikono na miguu, kama mtu aliyelala chali. Wakishaingia, kila mnaposimama waulize: hapa ni mkononi au mguuni? Mchezo huo hutembeza mtoto ngome nzima bila kumburuta. Wakubwa unaweza kuwaongezea kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe.

Usisome kila kibao. Chagua hadithi moja uihadithie vizuri. Mimi huchagua ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa hadi Goa, kule India, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo, akasomeshwa na mapadri, kisha akarudishwa kutawala, Wareno wakidhani sasa ni mtu wao. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake na dini yake. Mwaka uliofuata akaiacha ngome, akawa haramia wa baharini. Neno "haramia" likitajwa, hata yule mkubwa aliyekuwa na simu mkononi huinua kichwa.

Baada ya hapo wapeleke kwenye ukuta wenye michoro ya mabaharia wa Kireno, meli na samaki na watu, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Watoto hufurahi kujua kwamba watu wazima nao walichora ukutani. Jumba la maonyesho lina vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Kuzingirwa huko kulianza Machi 1696 kukaisha Disemba 1698, na njaa na maradhi ndiyo yaliyoua wengi. Vyumba vya wafungwa navitaja kwa ufupi tu: Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Saa tano isiwakute juu ya kuta. Tokeni, mnywe madafu, mwende mkale.

Mchana: laleni

Hapa ndipo wageni wangu hubisha. "Wifi, nauli yote hii tumekuja kulala?" Namjibu jua haligombwi. Kuleni wali wa nazi na samaki wa kupaka, mtandike mkeka chini ya feni. Wenyeji wenyewe saa nane wako ndani. Mkitoka mtatazama milango iliyofungwa.

Alasiri: vichochoro

Saa kumi, watu wakishaswali, mji hufunguka. Nyumba ndefu zimeshatupa kivuli njiani, wazee wametoka barazani, karai la viazi limewekwa motoni. Anzieni barabara ya Ndia Kuu, karibu na ngome, mwende taratibu kuelekea bandari ya zamani. Tazameni juu kwenye roshani za mbao, kisha tazameni milango ya kuchonga. Mimi humpa kila mtoto daftari na penseli: achague mlango mmoja, achore ua moja au mnyororo mmoja wa fremu yake. Kupiga picha ni sekunde moja na umesahau. Kuchora humkalisha chini, na akikaa chini mwenye nyumba hutoka kuuliza anachora nini. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Mpitiapo watu, salamu kwanza, na watoto wawaamkie wazee shikamoo. Usimpige mtu picha bila ruhusa, hasa wanawake waliokaa mlangoni mwao, na kule bandarini uliza kabla ya kutoa simu. Watoto wadogo washikwe mikono, maana bodaboda na tuktuk hupita humo humo na hazipigi honi mpaka ziko mgongoni. Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa 1570, utazameni kwa nje. Mnara wake umechongoka juu na haufanani na mingine.

Mle viazi karai kwa ukwaju, bhajia, mabuyu kwa wadogo. Achari ya pilipili waonjeshe kwanza kidogo.

Jioni

Magharibi ikikaribia, mkiwa na nguvu, chukueni tuktuk hadi Lighthouse, pale ufukweni Mama Ngina. Kuna mibuyu mikubwa, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na meli za mizigo zinazopita karibu sana zikiingia bandari ya Kilindini. Nauli ipatane kabla ya kupanda, kwenda na kurudi.

Leso za Biashara Street ziacheni kesho asubuhi, na watoto wabaki na baba yao. Hakuna aliyewahi kuchagua leso nzuri huku mtoto anavuta baibui akidai mabuyu.