Pikipiki iliyotumika: cheni kwanza, urembo baadaye

Ukinunua pikipiki iliyotumika hapa Kisumu, tafadhali usikimbilie taa za rangi na spika. Pesa ya kwanza iende kwa oili, maana hujui mwenyewe wa kwanza aliibadilisha lini. Kisha piga magoti uangalie cheni na sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Meno yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika huisha upesi, na hapo umelipa mara mbili. Pikipiki nyingi ndogo hutaka cheni icheze kama sentimita 2 hadi 3 upande wa chini, katikati. Ikikazwa zaidi hula beringi.

Tairi nazo, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukauka na kuteleza, hata kama bado ina kashata, yaani michoro ya juu inayoshika barabara. Ile mvua yetu ya jioni haisamehe. Mimi nilianguka hivyo nikitoka Ahero, na goti bado linaniuma.

Vya kuongeza? Vyuma vya kukinga miguu na vioo viwili. Ukitaka taa ya ziada, mwambie fundi aipe fyuzi yake karibu na betri. Halafu geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uone kama waya unavutika.