Umepoteza mtaji kwenye ploti? Rudi sokoni kupitia darasani

Wakala aliyepoteza pesa kwenye ardhi huwa na haraka moja: apate mkopo mwingine, anunue kipande kingine, afidie. Hasara ya pili huanzia hapo, kwa sababu kilichomwangusha mara ya kwanza bado anatembea nacho. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekuwa akiuza ploti Kiamunyi au Lanet kule Nakuru, akisimamia nyumba za kupanga Mamboleo au Manyatta mjini Kisumu, au akigawa mashamba kandokando ya barabara ya Kakamega, kisha mtaji ukakatika. Tunamshauri arudi darasani, lakini kozi aichague kwa kuangalia shimo lililomeza pesa, wala si bango la chuo.

Pesa ilivujia wapi?

Chukua daftari na uandike kila dili ya miaka mitatu iliyopita kwenye mstari wake: bei ya kununua, malipo ya savea (mpima ardhi), wakili, ushuru wa stempu, kuchonga barabara, kamisheni za watu wa kati, riba ya kila mwezi, na tarehe ambayo pesa ya mteja iliingia. Usiandike kwa kukumbuka. Toa taarifa za M-Pesa na za benki, ufuate mstari kwa mstari. Mwisho wa kila dili andika sababu moja ya hasara, moja tu. Ukimaliza utaona zinaangukia mafungu manne: hesabu mbovu ya kugawa shamba, karatasi mbovu, pesa za wateja kuchanganywa na zako, na mkopo unaoiva kabla ploti hazijauzika.

Tukae kidogo kwenye fungu la kwanza, maana ndilo linaloumiza wengi bila wao kujua. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 5,000. Ukigawanya unapata 8 na chenji, na wengi huishia hapo: ploti 8, bei mara 8, faida hii hapa. Sasa chukua karatasi uchore. Ekari iliyo mraba ina upande wa futi 208 na ushee. Pitisha barabara ya futi 30, karibu mita 9, katikati, ili kila ploti iwe na njia. Zinabaki futi 178, yaani 89 kila upande wa barabara. Ploti zako zina kina cha 89, si 100. Ukipanga nne kila upande, kila moja inapata upana wa futi 52 na eneo la takriban futi 4,660, ambayo ni hekta 0.043. Mteja aliyelipia 50 kwa 100 kamili alitarajia hekta 0.046. Hati ikitoka atausoma ule mstari wa ukubwa, na atakuja ofisini akidai punguzo au pesa zake. Ukitaka kumpa futi 5,000 zake, upana lazima ufike 56, na kwenye futi 208 zinaingia tatu tu kila upande. Ploti 6. Biashara iliyopigiwa hesabu ya 8 ikazaa 6 imepoteza robo ya mauzo kabla ya bikoni ya kwanza, ile alama ya mpaka, kuchimbiwa.

Karatasi mbovu nazo zina sura chache zinazojirudia. Mkataba wa ardhi usioandikwa, usiotiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa, hausimami mahakamani. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini sheria inaihesabu biashara hiyo kuwa batili. Nyumba au shamba la familia linahitaji ridhaa ya mke au mume. Kisha kuna kosa la kuuza vipande wakati hati mama, yaani hati ya shamba zima, haijagawanywa: muuzaji akifariki katikati, wanunuzi wote wanasubiri mirathi, na wewe uliyepokea amana ndiye wanayekujua.

Fungu la tatu halihitaji mtu mwovu. Kodi za wapangaji zinaingia kati ya tarehe 1 na 10. Unachukua 40,000 kumlipa savea, ukitegemea amana ya mteja tarehe 15. Amana inachelewa. Mwezi unaofuata unamlipa mwenye nyumba wa kwanza kwa kodi ya mwenye nyumba wa pili, na tangu hapo hutoki tena. La nne ni la kalenda: mkopo wa miezi 12 umechukuliwa kwa shamba ambalo kibali cha kaunti, mutesheni (fomu na mchoro wa mgawanyo wa shamba) na hati ndogo za kila ploti vinaweza kuumaliza mwaka huo wote.

Deni kabla ya karo

Kabla ya kulipa hata ada ya kujiandikisha chuoni, jua jina lako limekaa vipi. Kenya ina mashirika matatu ya taarifa za mikopo, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Soma kila deni: kiasi, tarehe, aliyekuripoti. Deni ulilokwisha kulipa na bado linaonekana halijalipwa, lipeleke kwa maandishi pamoja na risiti. Ukilipa deni, usishtuke kuona historia yake bado ipo. Hubaki miaka 5 ikiwa na alama kwamba limelipwa, na mkopeshaji makini huitazama alama hiyo.

Kwa wadai waliobaki, andika barua moja kwa kila mmoja ukipendekeza kiasi unachoweza kweli. Kiasi kidogo kinachofika kila tarehe 5 kina uzito kuliko ahadi kubwa, na barua yenye sahihi ya pande mbili itakufaa siku mtu akitaka kukushtaki. Aliyebaki bila mali kabisa, na madeni yake yako kati ya shilingi 100,000 na 400,000, aulize kuhusu utaratibu wa wasio na mali chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015. Huchukua miezi 12 na hutumika mara moja tu maishani, kwa hiyo aone wakili kwanza.

Karo usiilipe kwa mkopo wa simu. Ule mara nyingi unadaiwa baada ya siku 30, na muhula mmoja ni miezi mitatu au zaidi. HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo) ya eneo bunge lako, basari ya kaunti au mkopo wa sacco wenye wadhamini, kila mmoja una kalenda yake, na fomu za basari hufungwa mapema. Anza na chifu na ofisi ya eneo bunge kabla ya barua ya chuo kufika.

Kuchagua kozi

Aliyeangushwa na vipimo anahitaji upimaji ardhi. Stashahada ya kiwango cha 6 katika vyuo vya ufundi huombwa na mwenye C- ya KCSE, na cheti cha kiwango cha 5 na mwenye D. Kozi hiyo haikufanyi savea mwenye leseni, ambaye njia yake ni digrii na mitihani ya bodi, lakini itakuwezesha kuisoma mutesheni na ramani ya eneo mwenyewe, na kumuuliza savea maswali ambayo hatayakwepa. Kama huna miaka hiyo, jifunze angalau programu ya QGIS, ambayo ni ya bure, uweze kuchora shamba na kugawa barabara kabla ya kutoa amana.

Aliyeangushwa na karatasi aangalie stashahada ya sheria ya wasaidizi wa kisheria, au kozi fupi ya sheria ya ardhi yenye mambo haya ndani: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Usajili wa Ardhi za 2012, Sheria ya Bodi za Ardhi, Sheria ya Nyumba za Sehemu ya 2020, na ile ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301. Hiyo ya mwisho huwaponza wasimamizi wengi. Mpangaji wa duka asiye na mkataba ulioandikwa, au mwenye wa miaka isiyozidi 5, hutolewa kwa notisi ya angalau miezi 2 kwenye fomu maalum, naye anaweza kwenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Kumfungia kufuli kwa sababu ya kodi ya mwezi mmoja kunamgeuza mdaiwa kuwa mdai wako.

Waliochanganya pesa waende kwenye hesabu. Mitihani ya kasneb, bodi ya mitihani ya uhasibu, hufanyika Aprili, Agosti na Desemba, na mtu anaweza kusoma jioni akaendelea na kazi. Sehemu ya kwanza pekee ya masomo ya uhasibu hukufundisha kulinganisha daftari na taarifa ya benki, na kwa msimamizi wa nyumba hilo linazidi somo lolote la kuuza.

Anayetaka kurudi kama wakala kamili aangalie mlango wa usajili mapema. Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1984, Sura ya 533, inamtaka anayeuza, kununua au kupangisha kwa niaba ya wengine asajiliwe na bodi, inayojulikana kwa herufi EARB, na awe na cheti cha kufanya kazi cha kila mwaka. Kufanya kazi bila usajili ni kosa la jinai, na mahakama imewahi kukataa madai ya kamisheni ya mtu asiyesajiliwa. Digrii ya ardhi na nyumba inayotolewa na vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi ndiyo njia iliyonyooka zaidi, kupitia uanachama wa Taasisi ya Wapima wa Kenya, ISK. Inahitaji C+ au stashahada inayokubalika. Mkazi wa Kisumu atapata Maseno mafunzo ya mipango ya miji, fani jirani yenye manufaa, ila fani jirani huenda isifungue mlango uleule.

Kwa sababu hiyo, usilipe karo kabla ya kuiandikia bodi swali hili: kozi hii, ya chuo hiki, inanipa sifa ya kuomba usajili, na kama haitoshi inahitaji nini juu yake? Weka jibu kwenye faili. Thibitisha pia kwamba chuo kina kibali cha TVETA (mamlaka ya vyuo vya ufundi) kwa kozi yenyewe, au cha CUE (tume ya vyuo vikuu) kama ni chuo kikuu. Chuo chaweza kuwa halali na kozi isiwe. Vyeti vya mtandaoni vya wakala wa Marekani vinafundisha sheria za majimbo yao. Tumeona watu wakivilipia pesa ya chakula, na inatuuma, kwa sababu hapa havimsajili mtu.

Usitupe miaka uliyofanya kazi. Kupitia KNQA, mamlaka ya kutambua vyeti na sifa za masomo, Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, na unapimwa kwa ushahidi. Kusanya mikataba uliyoisimamia ukiwa umefunika majina, daftari za kodi, michoro ya mgawanyo, na barua za wenye nyumba wawili au watatu.

Chakula wakati wa masomo

Kazi inayokaa vizuri na masomo ni kusimamia nyumba za kupanga chini ya wakala aliyesajiliwa, kwa sababu haihitaji mtaji na tarehe zake zinajulikana. Malipo mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10 ya kodi iliyokusanywa. Jengo la vyumba 20 vya shilingi 8,000, vyote vikiwa na watu, linakusanya 160,000. Kwa asilimia 8 kuna 12,800 ya kugawana na wakala wako. Hapo hapo mkumbushe mwenye nyumba kodi ya serikali ya mapato ya kupangisha, asilimia 7.5 ya makusanyo tangu Januari 2024 kwa mwenye mapato ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Kwa jengo hili ni 12,000, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye nyumba akiona umemtolea hesabu hiyo kwenye karatasi moja, mara nyingi atakuuliza kuhusu jengo la ndugu yake.

Kodi zote ziingie kwenye paybill (namba ya malipo ya biashara ya M-Pesa) au akaunti ya wateja, kamwe zisiingie kwenye simu yako. Hata ya mpangaji mmoja aliyekuomba umsaidie kwa sababu mtandao umegoma.

Ratiba iwe ya kweli. Siku za tarehe 1 hadi 10 ni za makusanyo. Usizipangie kazi ya chuo nzito. Masomo hukatika kirahisi muhula wa pili, pale karo ya pili inapogongana na deni la zamani, kwa hiyo weka kando karo ya mihula miwili kabla ya kuanza wa kwanza. Ukikosa, anza muhula unaofuata.

Siku ya kurudi

Cheti kikifika, mpangilio ni huu: usajili, bima ya makosa ya kikazi, akaunti ya wateja iliyotengwa na yako, kisha bango. Mwaka wa kwanza usinunue ardhi. Uza ya watu kwa idhini iliyoandikwa, inayotaja bei, muda na kamisheni, baada ya kufanya sachi (kukagua rekodi za umiliki) mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi na kulinganisha ukubwa ulio kwenye hati na bikoni zilizoko shambani. Amana ya mnunuzi ipitie akaunti ya wakili. Ada ya kufufua cheti cha mwaka unaofuata ianze kuwekwa kando Septemba, wakati mauzo bado yanatembea, isije ikagombania pesa moja na karo ya watoto ya Januari.