Namna ya Kukadiria Bei Halali ya Gari Kuukuu la Dizeli Nairobi

Injini ya petroli ikifa, nyingine iliyotumika hupatikana Nairobi kwa bei ya kuvumilika, na ndiyo maana wengi hununua gari la petroli kwa kutazama rangi, viti na magurudumu. Gari la dizeli lililofikisha miaka ishirini halipimwi hivyo. Thamani yake kubwa imo ndani ya injini na pampu ya dizeli, na magari mawili yanayofanana kwa kila kitu yanaweza kutofautiana kwa laki kadhaa kwa sababu ya mambo yasiyoonekana kwenye picha.

Anza na soko. Kusanya matangazo kama kumi ya gari la aina moja, mwaka mmoja na, muhimu zaidi, injini moja, kwa sababu Toyota Prado yenye injini ya 1KZ na ile yenye 1KD hazina bei moja wala magonjwa mamoja. Ondoa lile la bei ya juu kabisa na lile la chini kabisa, kisha utafute wastani wa yaliyobaki. Mwaka usomwe kwenye logbuku, si kwenye herufi za namba ya gari. Namba huonyesha lini gari lilisajiliwa Kenya, na kwa kuwa sheria huruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, gari lililosajiliwa 2008 huenda lilitengenezwa 2001. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee, maana mita hurudishwa nyuma kwa urahisi.

Kuwasha injini ikiwa baridi ndicho kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote. Mwombe muuzaji siku moja kabla, kwa heshima: "Mzee, naomba gari lisiwashwe hadi nifike." Fika asubuhi mapema, fungua boneti, uweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine. Pikapu yangu ya kwanza ya dizeli niliikuta saa tano ikinguruma vizuri, nikalipa bei yote iliyotajwa. Asubuhi ya Julai iliyofuata ilikataa kuwaka, kwa sababu dizeli huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa, na ringi za pistoni zilizolika za pikapu ile hazikuweza tena kuishindilia hewa ipasavyo. Ukarabati wake ulinigharimu fedha nilizopaswa kuziondoa kwenye bei.

Injini ikishawaka na kutulia, legeza kifuniko cha kujazia oili, ukiache kimelala juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitetemeka kidogo, si neno. Kikirukaruka na moshi mzito ukatoka kwa mapigo, gesi za mwako zinapenya ringi za pistoni, na hapo mazungumzo ya bei yanabadilika kabisa. Weusi wa oili yenyewe usikutishe, kwani oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa. Moshi nao usomwe kwa rangi: wa samawati ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto huashiria nozo mbovu (vipuliza dizeli ndani ya silinda) au maji yanayoingia kwenye silinda, mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Huu wa mwisho uhukumu kwa haki. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kisukuma hewa, kama 1HZ ya Land Cruiser, hutoa moshi mweusi zaidi hapa kuliko ingetoa Mombasa, bila kuwa na ila yoyote.

Chunguza redieta kabla injini haijapata joto. Maji yenye utando wa oili, au mipira ya kupitisha maji inayokuwa migumu mara tu baada ya kuwasha, ni dalili ya gasketi ya kichwa cha injini iliyoungua au kichwa cha injini kilichopasuka. 1KZ ya Toyota na 4M40 ya Mitsubishi zinajulikana kwa kupasuka vichwa zikichemka. Kwa 1KZ, uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na ikiwa hakuna risiti, hesabu kwamba haukubadilishwa. Kisha upandishe gari kuelekea Limuru, mlima mrefu unaotosha kuonyesha kipimo cha joto kikipanda, tabo isiyosukuma, au pampu iliyochakaa. Pampu nyingi ziliharibiwa na dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, ambayo hayalainishi vyuma inavyotakiwa.

Sasa piga hesabu. Tuseme wastani wa matangazo ni shilingi 1,300,000. Mimi huondoa kwanza sehemu moja ya kumi, kwa sababu bei ya tangazo si bei ya kuuzia, tunabaki na 1,170,000. Fundi wa dizeli amekagua, nawe umeuliza bei za spea Barabara ya Kirinyaga: nozo na pampu 60,000, mkanda wa taimingi na kazi yake 25,000, matairi manne 80,000. Bei halali ni takriban 1,005,000. Kwa rangi iliyofifia na viti vilivyochakaa usipunguze bei tena, kwa kuwa magari yote ya umri huo yako hivyo na wastani umeshavihesabu. Kuvidai mara mbili ni kumdhulumu muuzaji. Kwa injini inayovuja gesi au kichwa kilichopasuka, ondoa kwenye bei gharama kamili ya kukarabati injini nzima, hata kama muuzaji anaahidi kwamba ni gasketi tu.

Ukikosa fundi unayemwamini, AA Kenya, chama cha wenye magari, hukagua na kuthamini magari kwa ada. Muuzaji mwenye gari zuri hatakataa.

Kabla ya kulipa chochote, fanya utafutaji wa umiliki wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usajili wa magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uhakikishe namba ya chesisi na ya injini zinalingana na zilizochongwa kwenye gari, na kwamba hakuna benki iliyoandikwa kama mmiliki mwenza. Salio litolewe muuzaji akishaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, mkiwa mmeketi pamoja.