Kijana akikamatwa kwa mauaji, anza na tarehe ya kuzaliwa

Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Tabora, Tanzania. Ndugu wa mtuhumiwa wakija, neno la kwanza ni "mwanetu hakuua". Hilo ataliongea wakili. Mimi nauliza: kazaliwa lini?

Mtu mzima asiye mjamzito akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, Kanuni ya Adhabu inampa jaji adhabu moja tu: kunyongwa. Sheria hiyohiyo inakataza kumhukumu kifo aliyekuwa hajatimiza miaka 18 siku ya tukio. Siku ya tukio, si siku ya hukumu. Kesi hizi hukaa miaka. Mtoto anaingia mahabusu hana hata ndevu, akifika Mahakama Kuu kila anayemtazama kizimbani anaona mwanaume.

Kwa hiyo wiki ya kwanza tafuta karatasi. Cheti cha kuzaliwa kikiwepo, toa nakala, na halisi usimpe mtu bila kusainiana. Kisipokuwepo, kadi ya kliniki. Mama mmoja aliniletea ya mwanawe ndani ya mfuko wa chumvi, mende wameshaila pembeni, lakini tarehe ya kuzaliwa na ya chanjo ya kwanza zilisomeka. Kwenye maelezo ya polisi kijana alikuwa na miaka 19, kwa kumkadiria kimo. Kwa kadi ile alikuwa na 16.

Cheti cha ubatizo nacho kinafaa. Rejista ya shule ilinganishe na kingine, maana wazazi hupunguza na kuongeza umri ili mtoto apate nafasi.

Bibi akisema "alizaliwa mwaka wa Elinino", usicheke. Mvua zile ni za 1997 kuingia 1998. Muulize: zilipoanza, mtoto alikuwa tumboni au anatambaa? Nani alijifungua wiki ileile? Huenda jirani huyo ana kadi. Andika yote, na mzazi ajiandae kuyasema mahakamani kwa kiapo. Kipimo cha daktari cha meno na mifupa kiombwe pia, ila hutoa makadirio. Kati ya 17 na 19 hakikuvushi.

Suala la umri litajwe siku ya kwanza mbele ya hakimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama iuchunguze. Mwone pia afisa ustawi wa jamii, ili kijana asiwekwe mahabusu pamoja na watu wazima.

Na mjomba akijitolea "kutengeneza" cheti, mkatalieni palepale. Kikigundulika, hata kadi ya kweli haitaaminika.

Wafiwa watakuuliza, "Na wetu aliyekufa, hakuwa mtoto wa mtu?" Alikuwa. Mimi huwaambia tu kwamba huyu harudi nyumbani kesho: Kanuni ya Adhabu inasema badala ya kifo azuiliwe kwa muda atakaoridhia Rais. Muda huo usio na tarehe unanikera, lakini msibani si mahali pa kulisema.

Yule mama bado ananiulizia kadi yake kila tukikutana sokoni. Imo kwenye jalada.