Ruta isikae dirishani

Mliovuta intaneti nyumbani huku Mabatini, Igogo na kwenye vilima vingine vya Mwanza, angalieni fundi aliiacha wapi ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Mara nyingi ni palepale waya ulipoingilia, kando ya dirisha lenye nondo, na mawimbi mengi yanaishia nje kwa jirani. Ihamishieni katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na simtanki: chuma huyarudisha mawimbi, maji huyameza.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz hupenya kuta za tofali na kufika mbali. Ya 5 GHz yana kasi zaidi ila huchoka mapema yakikutana na ukuta. Simu ya chumba cha mwisho iungeni na ya 2.4 GHz. Televisheni kwa kuwa haihami, ipeni waya kabisa kwenye tundu la LAN (la waya wa mtandao) nyuma ya ruta, watoto waangalie katuni bila kuwakwamisha wengine.

Halafu nywila ya mipangilio, ile iliyobandikwa chini ya ruta, badilisheni leo hii. Anwani ya kuingilia kwenye mipangilio hiyo, mnayoiandika kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.1.1, iko kwenye kibandiko hichohicho.